Viatu Namba Arobaini na Mbili

"Kwa miaka kumi na tisa," alisema Mkaguzi, akijigonga kifuani kwa ncha ya kalamu, "hakuna mfanyakazi aliyewahi kuniambia neno likapotea. Hata moja. Kiwanda kinaweza kunidanganya kwa makaratasi. Meneja anaweza kunidanganya kwa chai na biskuti. Lakini neno la mtu wa mashine likishaingia masikioni mwangu, linalala humu." Akalipiga kofi daftari lililokuwa mapajani.

Dereva akamtazama kwenye kioo. "Hata moja, mama?"

"Hata moja."

"Jumatatu nilikuambia mkanda wa feni ya gari umechoka. Ukasema nikukumbushe."

"Wewe si mfanyakazi wa kiwanda."

"Haya. Ukikatika nitaufunga kwa daftari."

Viwandani walimwita Bi Daftari, na si kwa mapenzi. Kampuni moja kubwa inayonunua viatu vya shule kwa maelfu ya jozi ilimtuma kuzunguka kwenye viwanda vinavyoitengenezea, achungulie vyoo, ahesabu milango ya dharura, asome mikataba, aongee na wafanyakazi, halafu aandike ripoti yenye rangi: kijani, manjano au nyekundu. Kazi hiyo ilikuwa na jina refu la kuchosha ulimi, tathmini ya hatari za kijamii katika mnyororo wa ugavi. Wifi yake alipomuuliza hasa anafanya nini huko anakokwenda kila siku na mkoba, alimjibu, "Naangalia kama viatu vya watoto vinatengenezwa bila kummaliza mtu."

Wiki hiyo alikuwa amekwisha kuangalia viwanda vinne. Hiki kilikuwa cha tano. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu Jumanne, na mle garini alikuwa amevua viatu akavipanga pembeni, kimoja kimegeuzia kingine mgongo kama mke na mume waliogombana.

Kilichomrudisha hapa baada ya miaka miwili ni barua. Ilifika kwa mnunuzi siku kumi zilizopita, haina jina, imeandikwa kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mfuniko wa boksi la viatu: *Njooni mtazame miguu, si makaratasi. Meza ya gundi inamaliza watu.* Upande wa nje kulikuwa na kibandiko cha duka: viatu vyeusi vya kamba, namba 42.

Kiwanda hiki hakitengenezi namba 42. Kinatengeneza viatu vya watoto, kuanzia 28 mpaka 36. Kwa hiyo boksi lilitoka dukani, na aliyelinunua alikuwa na mguu wa 42. Bi Daftari alishamchora kichwani: mwanaume, mrefu, asiyeogopa. Akimpata huyo, kazi imekwisha.

"Na usipompata?" Dereva akauliza.

"Ripoti inaondoka kesho saa sita mchana. Nikikosa shahidi mwenye saini, naandika kijani. Wanapewa mkataba wa mwaka mzima, na hakuna atakayerudi kuitazama hiyo meza mpaka mwaka uishe."

"Hata kama kweli inamaliza watu?"

Bi Daftari akaanza kuingiza mguu wa kushoto kwenye kiatu, polepole, kama anayemrudisha paka kwenye kikapu. "Ndiyo maana nimekuja na daftari," alisema.

Meneja alikuwa amesimama getini kabla gari halijazima. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyelala vizuri, jambo ambalo Bi Daftari aliliona kama matusi.

"Dada yetu! Umepungua!"

"Nimechoka. Sijapungua."

"Chai kwanza?"

"Gundi kwanza."

Tabasamu halikuondoka, ila lilisogea kidogo, kama picha iliyotundikwa upande. Wakapita kwenye chumba cha kukatia ngozi, wakapita kwenye cherehani, wakafika meza ya gundi. Ilikuwa meza ndefu iliyofunikwa bati, na watu ishirini na wanne wamesimama pande mbili, kila mmoja na brashi, wakipaka soli na kuzipanga zikauke. Wote walivaa barakoa. Barakoa zote zilikuwa nyeupe pe, na mistari ya kukunjwa pakitini bado inaonekana. Madirisha yalikuwa wazi. Feni tatu zilizunguka kwa bidii ya mgeni siku ya kwanza kazini.

Katikati ya meza kulikuwa na makopo sita yenye nembo ya bluu: gundi ya maji.

"Kama ulivyoshauri safari yako ya kwanza," alisema Meneja. "Gundi kali tuliizika. Hii hata mtoto akiilamba, anapiga chafya tu."

Bi Daftari alichukua brashi ya mfanyakazi wa karibu, akaikunja manyoya kwa kidole gumba. Laini. Akachukua ya pili. Laini. Akaangaza macho chumba kizima akaona sinki kwenye kona.

"Brashi mnaziosha wapi?"

"Pale."

Gundi ya maji huoshwa kwa maji, na mapema, maana ikikauka brashi inakuwa kijiti. Brashi laini ni brashi zinazooshwa kila siku. Bi Daftari akaenda kwenye sinki. Kutoka kwenye bomba mpaka kwenye tundu la kutolea maji, buibui alikuwa ametandaza utando wake, na haukuwa utando wa mpangaji wa jana. Ulikuwa na vumbi, ulikuwa na nzi wawili wakavu, ulikuwa na historia. Brashi zilioshwa kwa kitu kingine, basi gundi ya kila siku haikuwa ya maji.

"Maji yamekatika wiki hii," alisema Meneja.

"Na buibui mlimjulisha?"

Mmoja wa wafanyakazi akakohoa ndani ya barakoa. Huenda kilikuwa kikohozi kweli.

Bi Daftari akatoa simu, akatafuta picha za ukaguzi uliopita. Alikuwa ameipiga picha meza hii hii, makopo haya haya. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Kopo la tatu lilikuwa na mbonyeo chini ya nembo, kama limepigwa ngumi. Akainua macho. Kopo la tatu mezani lilikuwa na mbonyeo chini ya nembo.

Akalinyanyua. Lilikuwa jepesi kuliko linavyopaswa. Akalirudisha, akaandika mstari mmoja. Ndani ya nafsi yake alikuwa anachemka: miaka miwili mizima walikuwa wanamwekea makopo ya maonyesho kama maua ya plastiki sebuleni. Walimfanya bwege. Lakini alijua sheria za mnunuzi kuliko alivyojua namba ya simu ya dada yake: kopo haliweki saini. Meneja angesema tunajaza upya makopo ya zamani ili kulinda mazingira, na pengine angepewa cheti.

Alihitaji mtu. Alihitaji miguu namba 42.

Mtunza stoo alikuwa jitu. Alijaza mlango wa stoo yake mpaka mwanga ukalazimika kupita kwa zamu. Bi Daftari alipomwona, moyo ulimruka. Akamuuliza habari za hesabu za makopo, tarehe za kupokea, nani anatia saini; majibu yote yalikuja yamepigwa pasi. Huku akiuliza alikuwa anatazama chini, lakini kaunta ilificha miguu.

"Hayo makopo ya bluu yameingia lini?"

"Yapo kwenye kitabu, mama."

"Kitabu nimekiona. Nakuuliza wewe."

Mtunza stoo akatazama mlangoni, akakuna sikio. "Mimi nilianza kazi hapa mjukuu wangu hajazaliwa. Sasa anakimbia. Makopo hayo niliyakuta."

Bi Daftari akaandika. Kisha akaona wakati umefika, akaegemea kaunta, akashusha sauti. "Kaka, unavaa kiatu namba ngapi?"

"Eh?"

"Kiatu."

Jitu lile likaona haya kama bibi harusi. "Mke wangu ndiye aliyekuambia?"

"Niambie tu."

"Arobaini," alinong'ona, akanyanyua mguu juu ya kreti ili aonekane. Ulikuwa mguu mdogo, mzuri, umesahauliwa chini ya mwili wa mtu mwingine. "Mwili ulikua, miguu ikagoma. Utotoni waliniita Kabati. Usiandike hilo."

Bi Daftari hakuliandika. Alitoka stoo akiwa na ushahidi robo na aibu nzima.

Akaingia masijala. Huko hakuna anayetabasamu, na ndiyo maana alipapenda. Aliomba orodha ya meza ya gundi ya sasa, na ya miaka miwili iliyopita. Akaziweka sambamba, akatembeza rula.

Mwenye siku nyingi zaidi mezani alikuwa na miezi kumi na mmoja. Wale ishirini na wanne wa zamani, kumi na tisa walikuwa wameacha kazi, na watano wamehamishwa meza. Akaomba barua zao za kuacha kazi. Zilikuwa kwenye faili moja, na zote zilisema kitu kimoja kwa maneno yale yale: *kutokana na sababu za kifamilia.* Hata kosa la kuruka nukta lilikuwa mahali pamoja.

"Familia za meza hii zina mambo," alimwambia karani.

"Mimi nafungua faili tu, mama," alisema karani, akafunga.

Sasa Bi Daftari akafanya jambo alilojivunia zaidi ya yote. Fomu ya kila mfanyakazi ina mstari mmoja ambao hakuna meneja anayeukumbuka: *mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo.* Akanakili mistari hiyo ya watu wote ishirini na wanne, ili asijulikane anamtafuta nani, halafu akailinganisha na majina ya walioacha kazi. Kwenye fomu ya kumi na sita akasimama. Msichana wa miezi minane mezani. Mtu wa kuarifiwa: dada yake. Dada huyo alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa.

Akaita wafanyakazi sita kwa mahojiano, kwa kuruka majina, na yule msichana akawa wa nne. Aliwaketisha kwenye kona ya bwalo la chakula, mbali na madirisha, kwa sababu vyumba vya mikutano vina tabia ya kuwa na masikio.

Msichana alikuwa na umri wa miaka kama ishirini, mwembamba, amevaa kandambili za bluu. Akakaa, akaweka mikono magotini, akaanza kabla hajaulizwa.

"Sina malalamiko yoyote kuhusu mshahara, saa za kazi, wala uongozi."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Sina malalamiko yoyote kuhusu..."

"Nimesikia. Mnatumia gundi gani?"

"Ya maji."

"Leo, au kila siku?"

Msichana akatazama dari, akaitafuta karatasi aliyokaririshwa, akakosa ukurasa huo. "Swali hilo halikuwepo," alisema kwa uaminifu, kisha akafumba mdomo kwa kiganja.

Bi Daftari akakaribia kucheka, mara ya kwanza wiki hiyo. "Nenda, mwanangu. Umejibu vizuri."

Msichana akasimama, akaondoka. Alitembea akinyanyua magoti juu kidogo, kama anayepita kwenye sakafu yenye maji. Alifika mlangoni ndipo mwenzake aliyekuwa anasubiri zamu akamwonyesha kidole. Kandambili ya kulia ilikuwa imebaki chini ya meza. Alikuwa ametembea hatua kumi na tano na mguu mmoja mtupu juu ya saruji, na hakujua.

Akarudi mbio, akaivaa, akacheka. "Siku hizi nimekuwa msahaulifu," alisema.

Bi Daftari alitazama ile kandambili ikienda. Alipata hisia kwamba kitu kama hiki aliwahi kukisikia mahali fulani, lakini viwanda ni vingi, na alikuwa amechoka. Akaandika: *Na. 4. Kandambili.* Akapiga mstari chini yake.

Saa tisa alasiri gari lilisimama karibu na kituo cha maji, na Bi Daftari akamwambia Dereva abaki pale pale. Gari la wageni mbele ya mlango wa mtu ni tangazo.

"Unaenda kumtafuta mwenye miguu?" Dereva akauliza.

"Naenda kwa dada mtu. Nahisi mwenye miguu ni mume wake, au kaka yao. Mwanamke ameumia, mwanaume ameandika. Ndivyo inavyokuwaga."

"Una hakika, mama?"

"Ulishawahi kuniona nakosea?"

Dereva akashughulika na redio.

Ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vingi, ua mmoja, bomba moja, kamba za nguo zimepishana. Mama mmoja aliyekuwa anakamua shuka akamwelekeza kwa kidevu. "Unamtaka Mama Cherehani? Chumba cha mwisho. Piga hodi kwa sauti, akishona hasikii."

Kabla ya kupiga hodi, Bi Daftari aliviona. Nje ya mlango, juu ya kipande cha gunia: viatu vyeusi vya kamba. Akaangaza huku na huku, akainama, magoti yakalalamika, akageuza kimoja. 42.

Akavisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Visigino vizima, karibu vipya. Nchani, hata hivyo, ngozi ilikuwa imechubuka mpaka ikaonyesha kitambaa cha ndani, kulia na kushoto sawa. Mtu asiyekanyaga kisigino, anayesugua vidole chini. Mtu anayepiga magoti kutwa nzima. Fundi vigae! Mwanaume, mrefu, fundi vigae, na yuko ndani, maana viatu viko nje. Uchovu wote ukamtoka mabegani. Akanyoosha gauni, akapiga hodi.

"Karibu," ilisema sauti ya mwanamke, na mlio wa cherehani ukakoma.

Chumba kilikuwa kimoja, kimefagiliwa, pazia la maua limekigawa. Mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani ya miguu, lakini pedali ilikuwa imefungwa kamba, na kwenye gurudumu kulikuwa na mpini wa mbao uliochongwa kwa mkono. Alikuwa mdogo wa umbo. Bi Daftari akatazama nyuma ya pazia. Kitanda, ndoo, sanduku. Hakukuwa na mtu.

"Samahani kwa kukusumbua, mama," alisema Bi Daftari. "Naomba kuongea na mwenye viatu hivyo vya nje."

"Unaongea naye."

"Hapana, vile vikubwa. Vya kamba. Vya mwanaume."

"Humu ndani hakuna mwanaume tangu baba yangu afariki," alisema yule mwanamke. "Na hata yeye alivaa arobaini na moja. Keti, mama. Umesimama kama unadai."

Bi Daftari akaketi kwenye stuli. Akatoa kitambulisho, akaeleza kazi yake kwa sauti ile ya siku zote: kwamba hatataja jina, kwamba hakuna atakayejua, kwamba anahitaji maelezo na saini kabla ya kesho mchana. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, bila kukitazama kitambulisho.

"Barua niliandika mimi," alisema. "Mfuniko ndio karatasi ngumu niliyokuwa nayo."

"Basi ni wewe!" Bi Daftari alikuwa ameshafungua daftari jipya, kalamu iko tayari. "Mwanangu, umefanya jambo kubwa sana. Niambie. Gundi gani hasa mlikuwa mnatumia?"

"Ngoja."

"Muda wetu mdogo. Mdogo wako nimemwona leo, ana dalili..."

"Kandambili?"

Bi Daftari akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Inamtoka, hajui," alisema dada mtu. "Mimi ilianza hivyo hivyo. Kwanza ncha za vidole, kama umevaa soksi ambazo hukuvaa. Halafu kandambili. Halafu unajikwaa kwenye sakafu tupu, watu wanacheka, na wewe unacheka. Siku niliyoanguka na kreti ya soli, wakaniletea barua ya sababu za kifamilia nitie saini. Mdogo wangu wakampa nafasi yangu, kwa huruma. Namwambia aache. Ananiambia, dada, tukiacha wote wawili hapa tutakula mpini wa cherehani?" Akashika gurudumu, akalisukuma nusu mzunguko, likarudi. "Daktari ameniambia, mtu akitolewa mapema, miguu inarudi. Akichelewa, inabaki kama yangu. Yeye ana miezi minane. Kwa hiyo sina nafasi ya kukosea mtu wa kumwambia. Nilishakosea mara moja."

"Ulimwambia nani?"

Mwanamke akaunyooshea mkoba kidole. "Lile daftari la ukaguzi uliopita unalo?"

"Ninalo." Bi Daftari alilipapasa mkobani, na hata sasa kiburi kidogo kilimponyoka. "Huwa nabeba. Neno la mfanyakazi halipotei kwangu."

"Nisomee namba tisa."

Kalamu ikasimama hewani.

"Mlikuwa hamwandiki majina," alisema dada mtu. "Ulinipa namba, ukasema nisiogope. Tulikaa bwaloni, kwenye kona. Ulikuwa umevua kiatu kimoja chini ya meza. Ulidhani sioni."

Bi Daftari akafungua daftari la zamani. Vidole vyake vilikuwa na haraka ya mtu anayejua atakuta kitu cha kumwokoa. Meza ya gundi. Namba saba. Namba nane. Namba tisa. Akasoma kwa sauti, kwa sababu aliombwa.

"*Na. 9. Mwanamke. Meza ya gundi. Mshahara sawa. Saa sawa. Umri sawa. Hana malalamiko.*"

"Endelea."

"Hapo ndipo mwisho."

"Pembeni," alisema dada mtu. "Uliandika kitu pembeni. Nilikiona ukikiandika, nikafurahi. Nilisema, huyu ameandika."

Kulikuwa na maneno mawili pembeni ya ukurasa, yamebanwa kando ya tundu la waya. Bi Daftari aliyaona. Yalikuwa mwandiko wake, hakuna wa kumsingizia. Safari hii hakusoma kwa sauti.

"Soma, mama."

"*Viatu vinabana.*"

Nje, yule mama wa shuka alikuwa anafungua bomba.

"Nilikuambia vidole vyangu vya miguu vimekufa ganzi," alisema dada mtu. Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelirudia jambo mara nyingi usiku mpaka likaisha makali. "Nilikuambia hiyo gundi haikuwa ile ya kila siku, kwamba ya bluu tunawekewa mkija nyinyi. Ukaniuliza, viatu unavyovaa namba ngapi? Nikakuambia thelathini na nane. Ukanipigapiga begani. Ukasema, mwanangu, hata mimi vyangu vinaniua leo, miguu yetu sisi wa kusimama inavimba, nunua vikubwa. Ukaangalia saa, ukaita namba kumi."

Bi Daftari alitaka kusema kwamba fomu haikuwa na mstari wa ganzi. Ilikuwa na mstari wa mshahara, wa saa, wa umri, wa milango. Alitaka kusema siku hiyo aliongea na watu arobaini. Yote yalikuwa kweli. Aliyafikisha mpaka kooni, akayaona yamevaa tabasamu la Meneja, akayameza.

"Nikanunua vikubwa," alisema dada mtu. "Niliona mtu mwenye daftari hawezi kukosea. Arobaini, haikusaidia. Nikasema labda havijawa vikubwa vya kutosha. Nikanunua hivyo vya nje."

Bi Daftari akageuza kichwa kuvitazama pale mlangoni. Ncha zilizochubuka. Fundi vigae! Mtu aliyekuwa akiburuta miguu asiyoisikia, ndani ya viatu alivyoshauriwa na mtaalamu.

Miguu ya Bi Daftari ilikuwa inamuuma ndani ya viatu vyake, kila kidole kwa jina lake, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuthubutu kuvivua.

"Saini yako peke yake inatosha kwa nyekundu," alisema mwishowe. "Naweza kuandika kwamba nimekupata leo. Kwamba walificha, nikafichua. Itapita haraka."

"Na Meneja atasema nini?"

"Atasema wewe una kinyongo kwa sababu uliacha kazi. Atasema ungekuwa unaumwa ungesema ulipokuwa kazini."

"Nilisema."

"Ndiyo."

"Imeandikwa."

Bi Daftari akautazama ule ukurasa. Ndipo alipoiona kesi nzima, jinsi anavyoona siku zote, kipande kwa kipande, na safari hii kipande cha katikati kilikuwa yeye. Ushahidi ambao Meneja hangeweza kuupangua haukuwa stoo wala masijala. Ulikuwa maneno mawili ya kijinga pembeni ya ukurasa, yenye tarehe, yanayothibitisha kwamba mfanyakazi alilalamikia miguu miaka miwili kabla, na kwamba Mkaguzi aliambiwa. Ukurasa huo ukiingia kwenye ripoti, meza ya gundi inafungwa. Na miaka kumi na tisa ya Bi Daftari inakwenda nayo.

Mlio wa honi ukasikika kutoka kituo cha maji, mara mbili, mfupi. Dereva alikuwa anakumbusha muda.

Bi Daftari akachomoa fomu ya maelezo ya shahidi kutoka mkobani, akailaza juu ya meza ya cherehani, kando ya kitambaa kilichoshonwa nusu. Akaweka daftari la zamani juu yake, limefunguliwa kwenye namba tisa, alipige picha baadaye. Akafungua kalamu. Juu kabisa palikuwa na nafasi ya tarehe ya taarifa kupokelewa. Mkono wake, kwa mazoea, ukaanza kuandika ya leo.

Dada mtu akaegemea mbele na kuweka kidole chake kwenye karatasi, mbele ya kalamu.

"Siyo hiyo," alisema.